Usilipie jenomu nzima kwa sasa

Ndugu, nimekuelewa: umechavusha aina moja ya mpunga kwa nyingine ukitafuta uzao unaohimili mafuriko, na unauliza kama ulipie usomaji wa jenomu nzima (yaani herufi zote za DNA) ya kila mche. Kwa maoni yangu, bado. Jenomu ya mpunga ilikwishachapishwa mwaka 2005, na jeni ya Sub1A, inayouwezesha mmea kuvumilia kuzama majini kwa takriban wiki mbili, inajulikana tangu 2006. Kwa hiyo, ikiwa mmoja wa wazazi anayo, kipimo cha alama za DNA (vipande vya DNA vinavyotambulisha jeni fulani) kwenye kipande cha jani kitakuonyesha ni miche ipi imeirithi, kabla hata hujaipandikiza. Usomaji kamili uwafanyie wazazi tu, hasa kwa sifa zinazotawaliwa na jeni nyingi, kama mavuno. (Ngano ingekuwa habari nyingine, kwani jenomu yake ina herufi bilioni 16 hivi katika seti tatu zinazofanana mno.)

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni lebo. Niliwahi kuchanganya mifuko miwili ya majani, nikachambua kwa makini DNA ya mmea usiohusika; siku hizi naandika kwa penseli, kwa sababu wino hufutika kwa spiriti. Idadi ya sampuli ipange pamoja na mtakwimu, na kabla ya kusambaza mbegu, muulize mwanasheria kuhusu haki za wagunduzi wa mbegu za wazazi hao.