CAT 11/30: kabla hujaacha yuniti, soma hapa

Ndugu uliyepata 11 kwa 30 kwenye CAT (jaribio la katikati ya muhula) ya kalkulasi na unauliza kama uiache yuniti, yaani somo hilo, piga hesabu kwanza. Vyuo vingi hapa Nairobi, CAT ni alama 30, mtihani wa mwisho ni 70, na jumla ya 40 ndiyo ya kupita. Unahitaji 29 kwa 70 upite, 39 upate 50. Inawezekana kabisa.

Watafiti Andrew Martin na Herbert Marsh wamechunguza kwa nini wanafunzi wengine huibuka upesi baada ya vikwazo vya kawaida kama hiki. Wanataja kujiamini, kupanga, kutokata tamaa, utulivu, na kuona kwamba matokeo yamo mikononi mwako. Mimi ningeanza na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linaloharibika kwanza. Ukishasema "mimi si mtu wa hesabu," umetaja chanzo usichoweza kukibadilisha, na hamu ya kusoma inakufa hapo hapo.

Dawa yake ni karatasi yenyewe ya CAT iliyosahihishwa. Chukua penseli, na pembeni mwa kila alama iliyopotea andika: sikujua, nilijua nikateleza, au muda uliisha. Usiandike "uzembe", haukuelekezi popote. Ukikuta alama 6 zimeishia kwenye kanuni ya mnyororo (chain rule), una kazi ya siku nne: maswali matano kila siku, daftari limefungwa, kisha usahihishe. Kusoma noti tena na tena kunakudanganya kwamba umeelewa. Walioandika "muda uliisha" wafanye mitihani ya miaka iliyopita wakijipimia muda kwa saa. Kwa mhadhiri usiende na "mbona nimefeli", uliza, "Swali la 2(b), alama zilipotelea wapi?" Utajibiwa.

Wasiwasi nao usiudharau, unakula nafasi ya kufikiria. Gerardo Ramirez na Sian Beilock walionyesha mwaka 2011 kwamba kuandika hofu zako kwa dakika 10, kabla tu ya mtihani, huwasaidia hasa wenye hofu nyingi. Unayetokea Thika Road, panda matatu mapema upate hizo dakika.

Lakini kama wiki mbili sasa hulali, huingii darasani, pesa za HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi) zimechelewa na huli, au unawaza kujidhuru, weka kalkulasi kando. Nenda leo kwa mshauri wa wanafunzi chuoni, na umchukue rafiki mwende pamoja.