Alama ya X na makuti ya mjomba

Swali lenu la wiki hii liliuliza ni katika jambo gani mwananchi wa kawaida huihisi zaidi nguvu ya serikali kuu. Najua wengi watajibu kwamba ni kodi, nami sitawapinga, maana tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021 ilitufundisha sote jinsi uamuzi uliopitishwa Dodoma unavyoweza kukufuata hadi kwenye meza ya wakala, siku unapomtumia mzazi fedha ya dawa. Wengine watataja elimu bila ada ya tangu Januari 2016, na hao pia wana haki yao. Mimi nimechagua ardhi, na ndani ya ardhi nimechagua jambo moja ambalo sijaona likijadiliwa ipasavyo, nalo ni tarehe: siku ambayo mali yako inahesabiwa ili ardhi itwaliwe, na siku ambayo malipo yake yanatakiwa.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inasema kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na kwamba Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Kwetu Tanga lugha hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1895 Wajerumani walitangaza kwamba ardhi waliyoihesabu kuwa haina mwenyewe ni mali ya dola yao, na muda si mrefu mkonge ukatanda. Waingereza, kwa sheria yao ya mwaka 1923, wakaiweka ardhi chini ya Gavana. Nasi baada ya Uhuru, mwaka 1963, tukafuta umiliki wa ardhi usio na ukomo ambao wachache walikuwa wameurithi kutoka kwa wakoloni. Mshika amana amebadilika mara kadhaa, lakini mkulima amebaki palepale, na haki ya kutumia. Sisemi kwamba utaratibu huu ni mbaya. Bila huo, sina shaka kwamba pwani yote tangu Moa hadi Pangani ingekuwa imeshauzwa kwa wenye fedha, na sisi tungekuwa tunaomba ruhusa ya kwenda kuvua.

Sheria hiyohiyo ya mwaka 1999 inataka anayetwaliwa ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati, na Katiba katika Ibara ya 24 inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila fidia inayostahili. Hesabu yenyewe si ya kubahatisha: kuna thamani ya ardhi na ya kila kilichojengwa au kupandwa juu yake, kuna posho ya usumbufu, kuna gharama ya kusafirisha vyombo, na kuna posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya nyumba ya miezi 36. Tangu jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, lilipowekwa Chongoleani, hapa kwetu Tanga, mwezi Agosti 2017, maneno kama mthamini, yaani mkadiriaji wa thamani ya mali, na fidia yamekuwa ya barazani, yanatajwa na watu ambao zamani walizungumzia bei ya nazi tu. Mradi uliompitia mjomba wangu, hata hivyo, haukuwa huo; ulikuwa mdogo zaidi, na sioni sababu ya kuutaja jina.

Watu wa uthamini walikuja asubuhi, vijana watatu na mzee mmoja wa kijiji. Waliihesabu minazi mmoja mmoja, kila uliohesabiwa ukichorwa mstari wa chaki shinani, wakaandika mikubwa inayozaa kando na michanga kando, wakaingia kwenye miembe, kisha wakapima nyumba. Mwisho mjomba alisimamishwa mbele ya mlango wake, akapewa kibao chenye namba akishike kifuani, akapigwa picha. Shangazi alicheka sana siku ile, akasema mumewe amefanana na mtu aliyekamatwa na kuku wa watu. Kabla ya kuondoka walichora X nyekundu ukutani, na mmoja wao akaeleza, kwa adabu kabisa, kwamba kuanzia siku ile chochote kitakachopandwa au kujengwa hakitahesabiwa.

Hiyo ndiyo tarehe ninayoisema. Sababu yake naielewa, kwani pasipo tarehe hiyo kuna watu wangeotesha migomba usiku kucha ili walipwe asubuhi, tusijifanye malaika. Lakini fikirini maana yake kwa mtu anayeishi chini ya makuti. Paa la makuti halingoji, na la mjomba lilikuwa limebakiza msimu mmoja. Alikuwa ameshaweka akiba ya mabati, akaacha, kwa sababu mabati ya baada ya X ni fedha iliyotupwa. Masika ya kwanza waliweka ndoo. Masika ya pili walitandika turubai juu ya kitanda na kulifunga kwa kamba za mkonge kwenye boriti, na mvua ikinyesha usiku shangazi huamka kulimwaga maji kabla halijalemea. Minazi iliyozeeka haikupandiwa mingine. Kila nilipomuuliza, jibu lilikuwa lilelile: "Wamesema tusubiri, mwanangu."

Niliyoyagundua baadaye ndiyo yaliyonisukuma kuwaandikia. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inaifunga serikali nayo kwa tarehe: baada ya uthamini kuidhinishwa na Mthamini Mkuu, fidia inatakiwa kulipwa ndani ya miezi sita, ikichelewa inadaiwa riba, na miaka miwili ikipita bila malipo uthamini ule unakufa na kazi inaanza upya. Kwa hiyo tarehe zilikuwa mbili tangu mwanzo. Ile inayomfunga mjomba ilichorwa ukutani kwa rangi ambayo mvua haijaifuta mpaka leo. Ile inayomlinda ilibaki kwenye kitabu ambacho hakijafika kijijini, kwa lugha ambayo hata mimi niliyesoma ilinichukua jioni nzima. Sidhani kwamba kuna aliyekusudia kumficha. Mtumishi aliyekuja na kopo la rangi alitumwa kuchora X, naye akachora X.

Basi, kama jibu langu linaweza kubeba na ombi, ombi langu ni la gharama ndogo: atakayechora alama ukutani achore pembeni yake siku ambayo uthamini huo utakoma, kwa tarakimu kubwa zinazosomeka kutoka njiani, na nakala ya hesabu yote iachwe ndani ya nyumba na si kwa mtendaji peke yake.

Nilipomweleza mjomba habari ya miaka miwili, alihesabu kwa vidole, akarudia, akaona imepita na miezi minne juu. Hakusema neno. Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, alikwenda kumwona fundi kuuliza bei ya mabati, na aliporudi alikuwa amebeba miche miwili ya mnazi.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga