Ukikataa, Kataa kwa Sentensi Moja

Huku Kisumu, anayeuza mitumba Kibuye hana siri ya mapato. Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko, jamaa wote wanalijua hilo, na jioni nikiwa bado nakunja nguo zilizobaki, simu zishaanza kuingia. Salamu huwa ndefu: watoto, mvua, wazee wa nyumbani. Ukiona salamu haziishi, jua kuna M-Pesa mbele.

Ushauri wangu: jibu litangulie, sababu ifuate, tena iwe fupi. Wengi wetu hufanya kinyume. Tunaanza kujieleza, biashara imedorora, karo haijaisha, mwenye nyumba anadai, na kila sababu tunayoitoa, anayekopa anaitafutia dawa. "Basi nusu." "Basi Jumatano." "Si ufulize tu, ukope kwa M-Pesa, nitakurudishia?" Mwishowe unatuma huku umenuna, na kinyongo hicho hakiishi hata deni likilipwa.

Mimi shemeji akipiga, namwambia: "Shemeji, elfu tano sitaweza. Nina mia tano, na hiyo sitakudai." Halafu nanyamaza. Hapo pa kunyamaza ndipo pagumu. Ulimi unawasha, unataka kuongeza "labda mwisho wa mwezi". Usiongeze. Kwa anayekopa, labda ni ahadi, na tarehe ikifika atakukumbusha. Shemeji wangu alisema sawa, akakata. Baada ya siku chache alipiga tena, kuulizia bei ya viatu vya watoto.

Lakini si kila mtu anaambiwa hivyo kwa simu. Mama mkwe humkatalii ukiwa umesimama mlangoni. Unaenda, unaketi, unakunywa chai, unauliza mahindi yanaendeleaje, ndipo unasema polepole: "Mama, mtoto nitakaa naye mpaka shule zifungwe Agosti. Baada ya hapo sitaweza." Msimamo uko kwenye hiyo Agosti, hauko kwenye sauti. Jambo likiwa zito kuliko hapo, mtume shangazi. Kuna wanaouona huo ni woga. Mimi naona ni akili, mradi shangazi aufikishe ujumbe mzima, maana wengine huupunguza njiani.

Kwenye chama, kile cha kuchanga na kupokea pesa kwa zamu, sema mkutanoni, watu wakiwepo: "Mweka hazina, mwezi uliopita zamu yangu ilirukwa. Naomba nilipwe mwezi huu." Taja kilichotokea na unachotaka, basi. Ukianza na "nyinyi kila siku mnanidharau", mtajadili dharau mpaka giza liingie na pesa zako zisahaulike. Na usiyapeleke kwenye kundi la WhatsApp usiku ukiwa na hasira. Kufika asubuhi kuna mtu ameshayapiga picha na kuyatuma hadi Busia.

Jirani wa muziki mkubwa? Mgongee mchana, kabla hajalewa, umtajie saa unayotaka auzime.