Kutoka mashuani hadi mchangani

Wanaotaka kununua mashua huniuliza habari za mashine, mbao na bei ya tanga. Hajatokea hata mmoja aliyeniuliza atashukaje. Na mimi taabu zangu za baharini karibu zote nimezipata hapo, kwenye maji ya magoti.

Kwetu Jambiani, mashariki ya Unguja, mwamba uko mbali na ufukwe na katikati ni maji machache. Bamvua likikolea, yaani yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka kiasi cha mita 4, tena hayaendi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hujivuta, ya pili yakachangamka, ya tatu na ya nne yakakimbia. Katika saa hizo mbili za kati hupita nusu ya maji yote, yaani karibu mita nzima kwa saa. Wakati wa maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, utadhani bahari imelala, na hapo ndipo mgeni anapojidanganya kwamba ameshaizoea.

Mwaka wangu wa kwanza nilishuka siku ya bamvua, kama saa nne asubuhi, maji yametoka kabisa. Nikauburura mtumbwi wangu wa kuvukia hatua ishirini hivi juu ya mchanga mkavu, nikajiona fundi. Kamba nikaiacha imejikunja ndani. Niliporudi saa nane, mashua inaelea kule, mimi niko huku, mtumbwi haupo. Kesho yake maji yalipotoka niliukuta umelala katikati ya shamba la mwani la watu, umeng'oa vigingi na kukata kamba mbili. Mwenye shamba alikuwa amesimama kando yake, kanga ameifunga kiunoni.

"Mwanangu, mtumbwi wako umekuja kuvuna?"

Nilimwomba radhi, akanikabidhi fungu la taitai, vile vikamba vya kufungia mwani. Nikafunga vipando kimoja kimoja mpaka maji yakanifika kiunoni. Vidole vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyefua siku nzima.

Basi fanya hivi. Ukifika ufukweni tafuta ule mstari wa majani makavu yaliyosukumwa na maji. Hapo ndipo bahari ilipofika jana. Ikiwa bamvua bado linakua, leo itapita hapo. Funga mtumbwi kwenye mnazi au kigingi kilicho juu ya mstari huo, hata kama unakwenda dukani tu. Na usiwaze saa ya kushuka, waza saa ya kurudi. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo ratiba ya wiki iliyopita haikufai.

Pa kutia nanga pachague maji yakiwa yametoka, ukitembea kwa miguu. Utaona jiwe litakalotoboa mashua ikikaa chini, utaliondoa au utahama. Kamba ya nanga ipimie maji yakiwa yamejaa. Kama maji yakitoka hubaki mita moja na nusu, bamvua likijaa utakuwa na mita tano na nusu. Zidisha kwa nne, hiyo ni mita 22. Ila angalia duara itakalozungukia mashua, majirani wasije wakakuchukia.

Kuingia mtumbwini, weka mguu katikati, kaa papo hapo, halafu ndipo upokee mzigo. Nimewaona vijana wenye nguvu wakikanyaga ukingo na gunia la mchele begani. Wali wa chumvi walikula wiki nzima.

Ukitembea majini usinyanyue miguu, iburute. Taa, yule samaki bapa, hujifukia mchangani, akisikia unakuja huondoka. Ukimkanyaga mgongoni atakuchoma kwa mwiba wa mkiani. Vaa viatu vya soli ngumu, kandambili hubaki matopeni. Penye mawe wapo nungu wa baharini, miba yao hupita soli laini na hukatikia ndani. Usipite juu ya kamba za mwani, zunguka. (Mimi sina uso wa kulisema hili, lakini nalisema.)

Kusi likivuma, maji yakijaa mawimbi huvuka mwamba na kuja mpaka ufukweni. Mtumbwi mdogo hapo ni mateso. Mimi husubiri maji yafike nusu, mwamba bado unayavunja mawimbi kule nje na huku ndani kina kinatosha.

Simu, kiberiti na nguo kavu natia kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 yenye kifuniko cha kubana, nikaifunga kwa kamba mtumbwini. Imeshaanguka mara mbili, mara zote ikaelea.

Yule mama tunaonana karibu kila bamvua. Akipita na mzigo wake wa mwani kichwani, salamu yake ni kuniuliza kama mtumbwi umelala nyumbani.