Maswali ya wasomaji: Depite akisha kuuliza, nini kinafuata?

SWALI: Ndugu wahariri, tulisikia kwa redio mkubwa wa kampuni moja ya serikali akiulizwa maswali Bungeni kule Kinshasa. Alijibu, watu wakarudi kwao, mambo yakabaki vilevile. Sasa wanauliza ili iweje? Na sisi tufanye nini juu ya pesa za migodi?
Mama msomaji, Katuba, Lubumbashi

JIBU: Asante, Mama. Kifungu cha 138 cha Katiba ya 2006 kinasema wazi kwamba swali, la mdomo au la maandishi, halifuatwi na kura. Mtu akijibu, hata ovyo, limekwisha.

Nguvu ya Bunge iko kwenye mosio, yaani ombi la madepite la kumwondoa waziri au serikali kwa kura. Bunge la Taifa lina viti 500. Kumwondoa waziri mmoja kunataka saini 50, serikali nzima 125. Kura haipigwi kabla ya saa 48 kupita, na inahitaji 251, hata kama waliofika ukumbini ni wachache. Mosio ikianguka, waliotia saini hawaruhusiwi kuleta nyingine katika kikao hicho, ndiyo maana madepite huhesabu watu wao kwanza. Serikali ya Waziri Mkuu Sylvestre Ilunga Ilunkamba iliangushwa kwa njia hiyo tarehe 27 Januari 2021, kwa kura 367.

Lakini mkubwa wa kampuni si waziri, mosio haimfikii. Kwa kampuni kama Gécamines, ile ya serikali ya migodi, kamisio ya uchunguzi ya Bunge inafaa zaidi, kwa sababu inadai mikataba yenyewe, haitosheki na maneno. Kamisio ya depite Christophe Lutundula ilichunguza mikataba ya wakati wa vita, ripoti ikakabidhiwa 2005, lakini Bunge halikuijadili. Kwetu sisi, hapo ndipo ukaguzi unapofia: ripoti inawekwa kabatini, na hakuna anayeuliza iko wapi.

Kuhusu pesa za migodi, anzeni karibu. Kwa sheria ya migodi ya 2018, redevansi, yaani malipo ya kampuni juu ya madini wanayouza, inagawanywa hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 komini, sekta au sheferi yenye mgodi, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Ile 25 ni kazi ya Bunge la Jimbo kuikagua, hapa hapa Lubumbashi. Muombe tarakimu tatu za mwaka mmoja: kampuni zililipa kiasi gani, kiasi gani kiliingia kwenye akaunti ya jimbo, kiasi gani kilitumika na kwa kazi gani. Ukipewa moja tu, huwezi kuona pengo.

Andikeni barua. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, haki ya kuandikia wakubwa wa serikali. Wanapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu, na hakuna anayeweza kushitakiwa kwa kuandika. Barua moja iwe na ombi moja, maana ukichanganya barabara, shule na redevansi, watajibu lile jepesi. Pelekeni nakala mbili, na ile mtakayobaki nayo igongwe muhuri wenye tarehe. Bila tarehe hiyo, miezi mitatu itahesabiwa tangu lini?