Msumari unyayoni, mtoki kinenani

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni seremala. Siku nne zilizopita nilikanyaga msumari wenye kutu. Unyayo umevimba, unatoa usaha, na kinenani nimetokwa na mtoki. Jirani anasema usaha ni damu iliyooza, niukamue wote, na mtoki niuchue. Kwa nini kinena kinauma wakati kidonda kiko mguuni?
Fundi, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Usikamue, wala usichue. Utawasukuma bakteria ndani zaidi.

Usaha huo kwa sehemu kubwa ni seli nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili, zilizofia kazini. Msumari ulipoingia, makrofaji, seli zinazokaa ndani ya nyama siku zote, zilianza kuwameza bakteria palepale na kuita msaada. Mishipa midogo ikatanuka, nyutrofili zikamiminika. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri; weka mgongo wa kiganja hapo, utasikia joto. Mwaka 1882, huko Messina, Italia, mwanasayansi Élie Metchnikoff aliwachoma kwa miiba watoto wa kiti cha pweza, ambao miili yao inaonekana hadi ndani. Kesho yake akakuta seli zimeuzingira mwiba. Nakipenda sana kisa hicho.

Sasa mtoki. Seli za dendriti, wajumbe wa kinga ya mwili, huchukua vipande vya bakteria na kupanda navyo kwenye njia za limfu, yaani majimaji yanayotoka kwenye nyama ya mwili. Limfu ya mguu hupitia tezi za kinenani. Ungejichoma kidole cha mkono, ingevimba kwapa. Ndani ya tezi, seli T na seli B (aina nyingine za seli nyeupe za damu) chache zinazomtambua adui huyo huyo huzaliana kwa wingi, na tezi inajaa. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Baadhi ya seli hizo hubaki na kumbukumbu, ndiyo maana mara ya pili mwili hujibu haraka.

Lakini kinachonitia hofu ni usichokiandika: chanjo ya pepopunda. Ugonjwa huo hauletwi na kutu, bali na bakteria wa udongoni wanaostawi kwenye tundu refu lisilo na hewa. Nimewauguza wagonjwa wake. Taya limekaza, na taa tu ikiwashwa mgongo unapinda kama upinde, naye fahamu anazo zote. Sumu yake ni kali kiasi kwamba kiwango kinachoua ni kidogo mno kuzifundisha seli B. Hata aliyepona hapati kinga, naye lazima achanjwe. Chanjo huleta sumu hiyo ikiwa imeondolewa makali, kwa kiasi cha kutosha seli B kutengeneza kingamwili, yaani protini zinazoinasa sumu hiyo.

Nenda kituo cha afya leo, kidonda kisafishwe. Waambie msumari uliingia kiasi gani na lini ulichanjwa mara ya mwisho. Ikiwa imepita miaka 5, au hukumbuki, omba sindano. Asiyewahi kuchanjwa huongezewa kingamwili zilizo tayari, maana seli zake hazitawahi. Ukiona homa, mstari unaopanda mguuni au taya likikaza, usisubiri kuche.