Parokia yetu ilizaliwa lini? Vitenge visubiri kwanza

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni katibu wa kamati ya jubilei katika parokia moja mkoani Morogoro. Jiwe la msingi la kanisa letu linasema 1934. Kitabu cha ubatizo kinaanza 1929. Wazee wanashikilia kwamba dini iliingia kijijini kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ikiletwa na katekista. Mwenyekiti anataka tuandike 1926 ili miaka 100 itimie mwaka huu, na bei ya vitenge tumeshaulizia. Tushike tarehe ipi?

JIBU: Milele amina. Hiyo ya mwenyekiti itupeni leo. Tatu zilizobaki zinaweza kuwa za kweli zote, ila hazisemi jambo moja.

Jiwe la msingi ndilo linalonichosha. Kila kamati inayonijia imelipiga picha na kudhani kazi imekwisha. Jiwe linakwambia mafundi walianza lini jengo lile, basi. Misheni ya Bagamoyo ilifunguliwa tarehe 4 Machi 1868 na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliovuka kutoka Zanzibar. Lile kanisa kubwa wanalopigia picha wageni lilikamilika 1914. Tukihesabu kwa jengo, misheni za Mhonda ya 1877 na Mandera ya 1881, zilizozaliwa na Bagamoyo, zingemzidi mama yao umri.

Kitabu cha ubatizo ni shahidi bora, lakini nacho kina mpaka. Mlipokuwa kigango, yaani tawi la misheni nyingine, watu wenu waliandikwa katika kitabu cha misheni mama. Namba 1 ya kitabu chenu inaonyesha siku mlipoanza kuwa na kitabu chenu, haimtaji Mkristo wenu wa kwanza. Huyo mfuateni misheni mama, mkishuka na safu ya kijiji mstari kwa mstari. Msishangae jina la kijiji likiandikwa kama sikio la Mzungu lilivyolisikia. Na tarakimu mzitazame vizuri: 1 yao ina mkia mrefu, wengi huisoma 7, 7 yao imekatwa kistari katikati. Nimeona kijiji kikijipunguzia miaka kwa mkia huo.

Hapo ndipo wazee wenu wanaweza kupata haki yao. Katekista alifundisha miaka mingi chini ya mti au kwenye banda la nyasi kabla padre hajalala kijijini hata usiku mmoja. Historia za jubilei humpa sentensi moja, kisha kurasa kumi za picha za maparoko.

Neno "parokia" lenyewe pia liangalieni. Morogoro ilikuwa Vikariati ya Bagamoyo, yaani eneo la kimisheni ambalo bado si jimbo, hadi tarehe 25 Machi 1953, ilipofanywa jimbo. Kwa Sheria ya Kanisa ya 1917, sehemu ya vikariati iliyopewa mchungaji wake iliitwa kwasi-parokia, si parokia kamili. Kwa hiyo andikeni "katekista alianza", "misheni ilifunguliwa", "kanisa lilijengwa", kila moja na mwaka wake. Jubilei fanyeni kwa mwaka wa misheni kupata padre mkazi, mkiuthibitisha kwa barua au shajara. Ukiangukia 1929, subirini miaka mitatu. Mwacheni muuza vitenge anune.

Na jihadharini na hawa "waandishi wa historia za parokia" wanaozunguka siku hizi. Wanachukua kitabu cha parokia nyingine, wanabadili majina, wanaweka picha ya askofu mbele, wanadai malipo. Kimoja nilichokisoma kilikuwa bado na mto wa parokia ya jirani.

Vitabu vyenyewe visitoke ofisini. Pigeni picha kurasa kwa simu, mchana, dirishani. Mwaka juzi nililetewa kitabu cha ubatizo ndani ya kiroba cha unga. Mtaalamu mmoja wa kujitangaza alikuwa ameshakitia kurasa 40 za kwanza plastiki kwa mashine ya moto, "zisichakae". Wino ulikuwa umeyeyukia ndani.